Kangozi ka Ndani ya Yai

Harufu ya yai la kuchemsha hunirudisha mtaani Hewa Bora, chumbani kwetu, baba akiwa amelala kifudifudi. Asidi ya mgodini ilikuwa imemla mgongo wote. Mama aliwazungukia wauza mayai ya kuchemsha akiomba maganda, na sisi watoto tukabandua ile ngozi nyeupe ya ndani, laini kama karatasi iliyolowa. Yeye aliipanga juu ya kidonda, kipande kwa kipande.

"Hii kangozi inaacha hewa inapita," alituambia, akimwonyesha baba, "lakini maji inabakia mu ndani. Ngozi ya papa yenu haijui tena kufunga mulango."

Baba alikunywa kikombe kizima cha maji, na kidonda kikalowesha tena shuka chini yake.

"Mama, maganda imeisha."

"Rudia kwa benye kuuzisha mayayi."

Pembeni mwa kidonda vipande vilishika. Katikati vilielea tu. Siku ya mazishi ya baba, beseni tulilokusanyia maganda lilikuwa bado limejaa.

Leo nabandua yai la mwanangu, na ile ngozi ya ndani imetoka nzima. Mtoto amenyoosha mkono anataka yai lake, nami bado nimeishika ile ngozi, natafuta pa kuiweka.