Mvua na Kopo la Rangi ya Maziwa

Kinyozi hajinyoi, na fundi rangi hapaki kwake. Chumba cha mama yake kilikuwa na bluu nzito iliyoachwa na mpangaji wa zamani, na kila mwaka yule fundi ambaye wenzake walimwita Mvua aliapa kuifunika kwa rangi ya maziwa. Mama, aliyekuwa amezibwa macho na mtoto wa jicho, alimpoza kwa mzaha: "Acha tu, mwanangu. Kwani nani anaona?"

Asubuhi hiyo dada yake mkubwa alipiga simu kutoka hospitali. Bandeji ya upasuaji wa macho imetolewa. Mama anaona. Alasiri wanakuja.

Mvua alishika kichwa. Rangi aliyoizoea ilitaka mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili, na juu ya bluu ile mitatu, kila mkono usubiriwe ukauke. Alasiri haingemsubiri.

Mkewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alitoka na kurudi na kopo lenye maandishi ya dhahabu: mkono mmoja tu, na haina harufu kali.

"Hiyo?" Mvua aliruka. "Bei yake ni ya makopo mawili! Wateja nawaambia kila siku, hiyo ni rangi ya watu wenye pesa na haraka."

"Basi leo haraka unayo. Ya pesa niachie mimi."

Walitoa kitanda, wakapiga msasa, wakafuta vumbi. Mvua akamimina nusu ya kopo kwenye ndoo, na mkono wake, bila kumwomba ruhusa mwenyewe, ukanyanyua jagi la maji ukamimina. Ndivyo alivyofundishwa ujanani: maji huifikisha rangi mbali. Jina la Mvua hakulipata kwa bahati.

Alianza na ukuta wa nyuma ya mlango. Alipomaliza alirudi hatua mbili nyuma, akatazama. Bluu ilichungulia kila mahali, kama fulana chakavu ndani ya shati jepesi.

"Si nilikwambia?" alisema, karibu kwa furaha. "Mkono mmoja! Dhahabu iko kwenye maandishi tu."

Mkewe alilichukua kopo, akalizungusha, akasoma kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupima kabla ya kukata: "Koroga vizuri. Usiongeze maji." Kisha akachungulia ndoo. "Mvua imenyesha saa ngapi humu?"

"Kidogo tu, mke wangu."

"Kidogo? Humu samaki atazaa."

Mvua alijaribu kununa, kicheko kikamshinda. Nusu iliyobaki koponi haikuwa imeonja maji, akaifuata hiyo. Ilikuwa nzito, ikivuta rola kama tope linavyovuta kiatu, na ilimlazimu aende polepole, ajaze rola vizuri, asiirudierudie. Lakini kila ilipopita, bluu haikuonekana tena. Akainama, akatazama ukuta kwa upande, mwanga wa dirisha ukiukwangua. Hakuona kitu.

"Imeimeza," alisema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Bluu. Imeimeza yote, jamani." Akafikiri kidogo, maana alikuwa mtu wa haki. "Nyumba nzima nisingeipaka hii. Mwenye nafasi apige mikono miwili ya kawaida. Lakini chumba kimoja, ukuta wa rangi nzito na mgonjwa yuko njiani? Ina thamani yake."

Kopo lilitosha kuta tatu nyingine, likaishia kwenye kona ya mwisho. Ule wa nyuma ya mlango ukabaki na mawingu yake.

"Tuache mlango wazi," alisema mkewe. "Utauficha."

Kuta zilikuwa zimekauka na kitanda kimerudi mahali pake mama alipofika. Mkono wake, ambao siku zote ulitambaa ukutani kumwongoza, sasa ulining'inia tu ubavuni. Alimtazama mwanawe kwanza, kwa muda mrefu.

"Umezeeka, mwanangu."

"Ni vumbi la msasa, mama."

"Vumbi haliingii kwenye mvi." Akaingia chumbani, akageuka taratibu. "Maziwa," alisema. "Maziwa matupu." Halafu, kama alivyofanya kila siku aingiapo kwake, akaufunga mlango.

Mvua alikuwa ameingia nyuma yake.

"Na huku nyuma je? Mbona naona bluu?"

"Wapi, mama?"

"Pale. Na pale juu ya swichi umeruka."

Mteja akimwambia hivyo, Mvua hubishana naye mpaka jua lizame. Sasa alikuwa akitabasamu kama mtoto. "Wapi tena?"

"Pale chini kuna tone limechuruzika."

Lilikuwa jembamba kama uzi. Ilimbidi apige magoti ili alione.

"Mke wangu, njoo!" alipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Ameona mpaka tone! Mama, endelea, wapi tena?"

Mkewe alisukuma mlango, akawatazama wote wawili wakikagua ukuta mbaya kuliko zote kana kwamba ni hazina.

"Kesho nanunua kopo jingine," alisema. "Na bomba la maji nalifunga mimi mwenyewe."