Posti ya Chini ya Lava

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa sita mchana, hapa Goma, karibu na Birere, na patroni mwenyewe, mukubwa wa ofisi yetu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akikana, anadanganya, na si mara yake ya kwanza.

Waasi walikuwa wamekaribia muji, na kila mutu alimuona mwenzake mupelelezi. Mimi nilitunza seva ya simu za ofisi. Basi ikaonekana inatuma sauti mahali fulani hata wakati hakuna anayepiga simu. Badala ya kuniuliza vizuri, patroni aliniita mbele ya wote akasema ninawauzia waasi siri, na nisipomuonyesha sauti hizo zinakwenda wapi, atanikabidhi kwa watu wa usalama. Na mutu akipelekwa kule wakati wa vita, ndugu zake hawamuoni tena. Wewe ungefanya nini?

Nikazifuata. Hazikutoka nje ya nyumba hata kidogo. Zilikwenda kwa posti moja tu, yaani simu moja ya ndani, ile ya sentineli, mulinzi wa mulango. Sasa elewa: nyumba ya ofisi ni ya zamani. Volkano ilipolipuka, lava ilijaza orofa ya chini mpaka juu, na tangu siku ile watu wanaingilia pale palipokuwa madirisha ya orofa ya pili. Posti ya sentineli iko huko chini, ndani ya jiwe. Nikachomoa waya zote, ikabaki moja nyembamba iliyozama kwenye sakafu. Nilipoigusa, haki ya Mungu, ilikuwa ya moto. Nikaiunga kwenye simu, nikaongeza sauti ili wote wasikie.

"Patroni," muzee mumoja akasema humo ndani ya simu, "umerudi na ufunguo? Huku moshi ni mwingi."

Wafanyakazi wa zamani waliitambua sauti pale pale. Alikuwa Papa Sebagenzi, sentineli ambaye patroni alisimulia miaka yote kwamba siku ya volkano aliiba mashine za ofisi akakimbia. Kumbe patroni alimufungia ndani alinde vitu, halafu yeye mwenyewe akavuka mpaka kujiokoa! Nilimuambia patroni amujibu muzee, amuombe hata musamaha. Alikata simu, akasema mashine imeharibika na tusimuambie mutu.

Nisiseme? Hasira ilinipeleka mpaka Kalengera kwa mujane wa Papa Sebagenzi. Niamini, yule mama aliitwa bibi ya mwizi hata kanisani. Nikamuleta ofisini. Patroni akajifungia chumbani kwake. Nikaunga tena ile waya, mama akashika simu.

"Papa Furaha," akasema, akimuita bwana yake kwa jina la mutoto wao, "watoto hawakuamini hata siku moja kwamba uliiba. Wacha vitu vya watu. Twende nyumbani."

Nilisikia pumzi tu, kama ya mutu anayetua muzigo. Waya ikapoa mukononi mwangu. Tangu pale seva haikutuma kitu tena.

Na patroni? Mimi alinifukuza kazi, na hata leo nikipita Birere kuna wanaonong'ona kwamba mimi ni mupelelezi. Kule Kalengera hajakwenda kusema neno moja. Kwa hiyo wewe, ukisikia mukubwa anamuita mutu mwizi, na huyo mutu hayupo kujitetea, usiitikie haraka. Uliza kwanza nani alimuona mara ya mwisho.