Dawa Iliyoanikwa Juu ya Bati

Nyumbani kwetu Mpanda betri haifi mara moja. Redio ya mama ikianza kukoroma, betri zinatolewa na kuanikwa juu ya bati la banda la jiko. Mama anazigeuza kama anavyogeuza mihogo, na jioni taarifa ya habari inasikika tena. Tumekua tukiliona jambo hilo na hakuna aliyewahi kulihoji. Nalisema mapema kwa sababu majirani walimcheka sana mama baadaye, na mimi siwezi kuvumilia mtu amcheke mama yangu kwa kosa la mtu mwingine.

Mtu huyo ni mdogo wangu, kitindamimba wetu. Mama humwita "baba", maana alirithi jina la baba mzazi wa mama, na ukimgusa huyo umemgusa babu kaburini. Alirudi kutoka Dar es Salaam amekonda, anakohoa, na mfukoni ana kidude cha rangi ya zambarau, kinene kuliko kalamu, kinachowaka taa kwenye kitako kila anapokivuta. Mama alimuuliza ni nini hicho.

"Kifua, mama. Kifua kinanibana, ndiyo maana navuta hii."

Mama akasikia dawa. Nani asingesikia hivyo? Jirani yetu mwenye pumu naye huvuta dawa yake, na neno analotumia ni hilo hilo, kuvuta. Moshi wa kidude kile ulinukia pipi, na mama akatueleza kuwa hata dawa ya maji ya watoto hutiwa utamu. Mdogo wangu alikuwepo. Alitabasamu, akaendelea kuvuta.

Sasa niseme habari ya chanja. Mama alikuwa akipokea migebuka mibichi kutoka Ikola, anaipanga juu ya chanja nyuma ya nyumba na kuikausha kwa moshi, taratibu, mpaka ngozi inang'aa. Wafanyabiashara wa mchele wa Majimoto walikuwa hawaondoki mjini bila kupita kwake. Kwa samaki hao alitulea peke yake, na kwa samaki hao alijulikana. Wiki ile ile aliyorudi kijana, mama aliumwagia moto maji. "Siwezi kumfukiza mwanangu mwenye kifua," alisema, na wateja wake akawaelekeza kwa mwanamke mwingine sokoni.

Mimi nikaachiwa shamba la Kasokola, kwa kuwa vumbi la kupalilia nalo lingemdhuru mgonjwa. Nililima, nikavuna, nikapakia magunia, huku nikimwombea mdogo wangu apone. Nilimwombea kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Vidude vingine aliletewa kwa basi. Vikiisha alivitupa kwenye shimo la taka, pale tunapochomea majani na mifuko. Mama alivikuta, akaviokota. Dawa haitupwi mahali kuku wanapochakura, alisema, akavifuta kwa pindo la kanga na kuviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Halafu akaona kuwa vingine bado vinapepesa taa vikitikiswa. Kumbe vina betri! Basi akafanya alichojua: akavianika juu ya bati, sambamba na betri za redio, ili mwanawe apate dozi ya ziada bila kuhangaika kuagiza nyingine.

Mdogo wangu aliviona. Hilo nalijua, kwa sababu nilikuwa naanua nguo. Alisimama, akaviangalia vilivyopangwa juani, akamwangalia mama, akaingia ndani. Neno moja tu lingetosha siku ile. Hakulisema.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, mama alikwenda kuvigeuza. Nikasikia mlio kama maji yamemwagikia kaango la moto, kisha ukelele wake. Kidude kimoja kilikuwa kimevimba na kupasuka, moshi mweupe unafoka, moto unaruka. Kilimuunguza kiganja na vidole. Nilimtumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, nikakifukia kidude kwa mchanga mpaka kikanyamaza. Vilivyobaki nikavirudisha kwenye kopo, nikavijazia mchanga mkavu, tukaenda kituo cha afya.

Mama alipokuwa ndani akifungwa bandeji, nilimwonyesha muuguzi lile kopo na kumwomba azipokee dawa zilizokwisha. Alichungulia, akaniangalia kwa huruma.

"Dada, hizi siyo dawa. Ni sigara za umeme, vijana wanaita vepu. Nani kawaambia nyie ni dawa?"

Akanieleza kuwa visichomwe, visitupwe shimoni wala chooni, visitobolewe, wala visikae juani. Betri ya ndani inabaki na nguvu hata kama utamu umekwisha, na maji yaliyomo ndani ni sumu. Vikae pakavu, mbali na nyumba na watoto, mpaka vifike kwa watu wanaokusanya vyombo vibovu vya umeme, au virudi kwa aliyeviuza. Nikamuuliza hapa Mpanda nivipeleke wapi. Akasema wao hawana pa kuvipeleka, na tanuri lao la kuchomea taka ndilo lisilotakiwa kabisa kuviona. Nikaondoka na kopo langu kwapani.

Jioni nilimbana mdogo wangu nyuma ya nyumba, penye chanja baridi. Kuku alikuwa ametaga kwenye majivu.

"Dada, mimi nilisema navuta. Sikusema navuta dawa. Aliyesema dawa ni mama."

Nilitaka kumzaba kofi. Moto wa mama, jasho langu la Kasokola, sala zangu, vyote alivipokea kimya kimya, leo anajificha nyuma ya neno! Nikamwambia amweleze mama ukweli kwa kinywa chake mwenyewe, na hilo kopo alirudishe kwa waliomuuzia. Akaapa kwa kaburi la babu. Nikamwamini, maana nimembeba mgongoni huyu.

Asubuhi ya safari nilimwona akilitia kopo kwenye begi. Alimkumbatia mama, akamwambia anakwenda Dar kumwona daktari wa kifua. Nilimkazia macho, akayakwepa. Treni ilikuwa bado haijaondoka mama alipotoka chumbani alimolala kijana, amelikumbatia kopo kwa mkono wenye bandeji. Alilikuta uvunguni.

"Kimbia stesheni, mwanangu! Baba kasahau dawa zake."

"Siyo dawa, mama. Ni sigara."

Nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo moshi wangu ulikuwa haumdhuru?" Akaliweka kopo chini, akaenda nyuma, akamfukuza kuku, akaanza kuzoa majivu kwa mkono mmoja.

Chanja inawaka tena sasa, ingawa wateja wengi wameshazoea kwingine, na vidole vya mama havikunjiki vizuri anapogeuza samaki. Kopo lipo kwenye kona ya ua, juu ya tofali, nimelifunika lisipate jua wala mvua. Nimeuliza kwa mafundi simu, nimeuliza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wote wanatikisa kichwa. Siwezi kulichoma, siwezi kulifukia, siwezi kulitupa. Kila nikifagia uwanja nalizunguka.

Juzi mdogo wangu alipiga simu. Mama alikuwa kwenye chanja, akaiweka simu kwenye spika.

"Kifua kinaendeleaje, baba?"

"Bado bado, mama. Kinabana. Naendelea kuvuta ile dawa."

Mama alinitazama kupitia moshi.

"Pole, baba," alisema, akanikabidhi simu, akaongeza kuni.