Pumzi ya Kuingia
Nulu alianza kulala ameketi. Akilala chali, pumzi ilipita kooni kwa mlio, na mumewe Shafik alikaa macho akingoja mlio unaofuata. Mchana, alipoanika mukene, dagaa wa ziwani, pale Masese, Jinja, wachuuzi wenzake walimtania kuwa amemeza filimbi. Alicheka nao, kisha akatafuta pa kujishikiza.

Zahanati walimpa pampu ya pumu. Shangazi yake, Namwase, akasema pumu gani ya kumwanza mtu mzima, kilimi kimerefuka. Akampeleka Wanyange kwa mkata vilimi, aliyewakata watoto wote wa ukoo wao. Nulu alitema damu, akanywa uji uliopoa, akangoja. Mlio haukwisha. Namwase akasema kidonda hakijapona, na kwa kuwa kidonda kilikuwapo kweli, miezi ikapita hivyo.

Nulu alikwenda Mbale kumsalimu dada yake, akaanguka kwenye ngazi. Ndipo wakamfikisha kwa Makokha, daktari wa koo. Huyo kwanza alisikiliza tu. Mwenye pumu, alisema, husumbuka zaidi kutoa pumzi. Huyu anasumbuka kuiingiza. Akapitisha kamera nyembamba puani. Nyuzi za sauti zilikuwa safi. Chini yake, kwa nyuma, kitu kigumu kilichofunikwa na ngozi isiyo na kidonda kilikuwa kimeibana njia ya hewa ikabaki ufa. Picha ya mashine ilionyesha punje nyeupe ndani yake, kama chokaa. Kipande walichokikata kwa shida kikathibitisha: saratani ya gegedu, adimu, ya kukua polepole, isiyosikia dawa. Tiba yake kisu.

Daktari akaeleza njia mbili. Kuondoa zoloto lote, apumulie tundu la shingoni, sauti yake iishe. Au kuuchonga uvimbe, kuiacha sauti, na kuishi wakijua unaweza kurudi.

"Liondolewe lote," Shafik alisema. "Nimechoka kukesha nikikusikiliza."

"Sauti si yako, Baba Swabrah," Nulu akamjibu mumewe. "Wachonge."

Alitoka upasuaji na bomba shingoni, bubu. Shafik alizunguka korido mpaka wauguzi wakamzoea. Siku ya kuliziba bomba, ili pumzi ipite tena kooni, alisimama mlangoni, haingii, haondoki. Makokha akaweka kizibo, akamwomba Nulu aseme chochote.

Ilitoka sauti nzito, yenye mikwaruzo.

"Ama ingia, ama toka," alimwambia mumewe. "Unaniziba hewa."

Shafik akaingia, akaketi, akainuka tena.