Picha ya Fundi wa Meli

Ninatembeza wageni kwenye meli kuukuu ya abiria iliyogeuzwa makumbusho hapa Bagamoyo. Wiki iliyopita nilifanya jambo ambalo mpaka leo linaninyima raha.

Katika chumba cha injini pana picha ya fundi mmoja aliyekufa maji zamani. Habari zake sizijui, lakini wageni hupenda kucheka, basi nikazoea kuwaambia kwamba alilewa, akatoka nje kukojoa, akatumbukia baharini.

Siku hiyo alikuwamo bibi mmoja kutoka Mkange. Mlangoni nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa upole. Nilipoanza kisa changu, alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanamtikisika. Nikadhani anacheka. Nikazidisha: nikayumba kama mlevi, nikaiga sauti ya mtu anayezama akiomba msaada. Wenzake wakacheka sana.

Walipopanda juu, yeye alibaki mbele ya picha.

"Bibi, umechoka?" nikamuuliza.

"Sijachoka, mwanangu." Aliigusa picha kwa ncha za vidole. "Nilikuwa mchanga baba alipokufa maji. Leo ndiyo nimeuona uso wake."