Kofia Tano za Nyandwi

Mara saba Mto Mulongwe ulifurika, na mara saba ukarejea katika mkondo wake. Na katika miaka hiyo yote Nyandwi, mzaliwa wa Bwegera aliyehamia Uvira pamoja na mkewe Apollinarie, hakuwa na kazi nyingine ila kuchora watakatifu. Aliianza angali kijana. Sasa ndevu zake zilikuwa zimeingia chokaa.

Mkono wake ulikuwa na desturi moja. Kabla ya jicho wala pua, aliiweka sahani ya bati ya mkewe juu ya karatasi, akazungusha kalamu ya wino ukingoni mwake, kisha akautunga uso ndani ya duara lile. Duara hilo ndilo nuru ya mtakatifu. Ndivyo alivyofundishwa na mtawa mmoja zamani, wala hakupata kufanya vinginevyo.

Mwaka 1956 alimjia Sévère, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya vijana watano wa mtaa wa Rugenge. Mfanyabiashara mmoja wa Usumbura alikuwa amekwisha kunasa nyimbo zao mbili, naye alitaka picha ya kuchapwa juu ya bahasha ya santuri, ili mnunuzi awatambue. Mfanyabiashara huyo aliacha karatasi moja nzito, moja tu, na lori lake lilikuwa la kuondoka Ijumaa. Picha ikikosekana, santuri ingeuzwa katika bahasha tupu, kama ya watu wasio na jina.

Nyandwi alikubali, lakini kwa hofu. Padre alikuwa amemwahidi kazi ya kumchora Mtakatifu Yosefu katika kanisa dogo jipya, kazi aliyoitamani kuliko zote. Je, padre angesema nini juu ya mkono uliowatumikia wacheza dansi?

Alhamisi asubuhi Sévère alikuja kuchukua picha. Aliitazama. Katika picha vijana watano walisimama na magitaa na ngoma zao, wamefanana na wenyewe kabisa, na kila mmoja alikuwa na duara la utakatifu nyuma ya kichwa. Hapo ndipo Nyandwi mwenyewe alipoliona. Mkono ulikuwa umemtangulia.

"Papa Nyandwi," akasema Sévère, "umetutangaza watakatifu hata hatujakufa. Na miye iko na muke nyumbani. Yeye ndiye atapinga wa kwanza."

Nyandwi hakucheka. Wino haufutiki, na kuukwangua ni kuitoboa karatasi. Aliona hasara mbili kwa pamoja: vijana kukosa sura yao, na yeye kuitwa mtu aliyewavika walevi wa dansi taji la mbinguni, kisha Yosefu akapewa mwingine.

Apollinarie alikuwa ameketi mlangoni akisuka ukindu, akitengeneza kofia pana wavaazo wakulima wa mpunga ili jua lisiwaunguze shingo. Alinyoosha shingo, akaitazama picha.

"Baba Libérate," akauliza, "mbona hizo kofia haukuzimaliza?"

Nyandwi alitazama karatasi, kisha kofia iliyokuwa mapajani mwa mkewe. Akaishika kalamu. Kati ya duara na paji la uso akapitisha mistari, ukindu juu ya ukindu, akivifuata vidole vya Apollinarie. Na kabla ya adhuhuri vijana wote watano walikuwa wamevaa kofia zilizosukumwa kisogoni, kama avaavyo mkulima anapopumzika ukingoni mwa shamba.

Sévère alilalamika kwamba hawakuwa na kofia za namna hiyo.

"Mutavaa," akasema Apollinarie. "Nitasuka tano."

Wakavaa, na tangu siku hiyo hawakupanda jukwaani bila hizo. Hata walioko mbali waliwatambua kwa kofia kabla ya kuisikia sauti.

Jumapili iliyofuata santuri kufika, Nyandwi aliichukua bahasha moja, akampelekea padre, akamweleza yote kabla hajayasikia njiani. Padre aliitazama. Kisha akauliza kofia ile hupatikana wapi, maana jua la njia ya Bwegera lilikuwa linamtesa, akampa ufunguo wa kanisa.

Yosefu alichorwa. Duara lake lilitoka katika sahani ile ile, na safari hii liliachwa lilivyo. Kila alipolipita, Nyandwi alimshukuru Mungu kwa sahani hiyo na kwa mwenye sahani.

Ee Mola, uliyempa Nyandwi mkono na Apollinarie jicho, uwarehemu wote wawili. Umlinde Libérate, mtoto wao, na wanawe, na kila atakayezaliwa katika nyumba hiyo akute daima mtu wa kumalizia kile alichokikosea. Amina.