Mitutu Miwili ya Battista

Delfina Zubani alikuwa ametimiza miaka arobaini alipomwangusha ndege wake wa kwanza. Kabla ya hapo, bunduki kwake ilikuwa kazi tu. Tangu usichana alikuwa aking'arisha mitutu katika karakana moja ya bonde lao, juu ya mji wa Brescia, kaskazini mwa Italia, na jioni akirudi nyumbani na mabega yanayouma. Mwindaji alikuwa baba yake, mzee Battista, aliyeishi naye pamoja na mbwa wao Birba.

Vuli moja magoti ya mzee yakagoma.

"Nibebee bunduki, mwanangu," alisema. "Mbwa asipotoka ataoza humu ndani."

Wakapanda msituni. Chini ya miti mirefu ya chesnati Birba akaganda, mguu mmoja juu, akionyesha alipojificha ndege.

"Piga wewe," mzee alinong'ona. "Mimi sifiki hapo."

Ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu akachomoka majanini. Mtutu wa kwanza ukapiga hewa, wa pili ukamshusha. Delfina akamkimbilia, akamwokota angali na joto. Tangu siku hiyo, karakanani alikuwa akiyasikia mabawa ya yule ndege hata mashine zikinguruma. Akachukua leseni, akanunua bunduki yake kuukuu ya mitutu miwili, na kila mapumziko wakawa msituni, mzee akijikongoja nyuma.

"Sasa unanishinda," Battista alimtania. "Nani alikuomba ujifunze upesi hivyo?"

Lakini msimu uliofuata Delfina aliona jambo. Baba yake alifyatua pasipo na ndege. Siku nyingine alikilenga kisiki. Kila mara alijiambia atasema wakifika nyumbani; wakifika, hakusema.

Asubuhi moja ya ukungu, Birba alipita nyuma ya kichaka. Mzee akafyatua. Delfina alipokimbilia pale, mbwa alikuwa amelala ubavu, damu ikipenya manyoya meupe. Alikata roho mikononi mwake.

"Nimempata?" Battista aliuliza akisogea. "Nilimwona akiruka."

"Hapakuwa na ndege, baba. Ni Birba."

Mzee akapiga magoti kwa taabu, akapapasa hadi akalifikia sikio la mbwa.

"Macho yangu," alisema.

"Nilijua. Tangu msimu ulipoanza."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningekuambia, ungeacha. Na mimi peke yangu njia za huku sizijui."

"Kwa hiyo ulitaka ndege."

Delfina akayafumba macho ya Birba. "Nilitaka ndege."

Walimzika hapohapo. Battista akamkabidhi bunduki yake, na nyumbani hakuigusa tena, wala kuitaja.

Delfina aliapa kuacha. Vuli iliyofuata alivumilia mpaka majani yakaanza kudondoka, kisha akapanda peke yake, bila mbwa. Alitembea sana bila kuona kitu. Alipokuwa karibu kukata tamaa, ndege akapaa mbele ya miguu yake, naye akampiga kwa mtutu wa kwanza. Furaha ikamjaa hata akacheka kwa sauti, halafu akaketi juu ya jiwe na kulia.

Nyumbani Battista alimnyonyoa ndege yule bila kuuliza alikopatikana, vidole vikifanya kazi ambayo macho hayakuiweza. Delfina akamkaanga kwa siagi, akaweka sahani mbili.

"Kula, baba, chakula kitapoa."

"Kula wewe," alisema mzee. Akakata polenta yake, ule ugali wa mahindi, akaila tupu bila kumgusa ndege, mpaka ikaisha.